UZI: Vampaya hubisha hodi. Mnyonya damu wa vitabu vya kale na alivyobadilishwa na sinema

#1 Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za usiku. Jambo hili nimekaa nalo miaka, na leo nimeamua kulileta humu kwa sababu najua kuna wasomaji na kuna wapenzi wa filamu. Makundi haya mawili yakianza kuzungumza habari za vampaya, mara nyingi kila moja linazungumzia kiumbe chake.

Mimi nilianza na filamu, kama wengi wetu. Kibanda umiza cha mtaani, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, joto kali, na sauti ya mtafsiri ikifunika maneno ya waigizaji. Nilitoka pale na elimu yangu kamili: vampaya ana joho jeusi, ana chonge mbili, jua likimgusa anageuka majivu. Miaka mingi baadaye nikaipata Dracula ya Bram Stoker kwenye meza ya vitabu vya mitumba, jalada limeng'oka. Nilikuwa nasoma usiku, umeme ukikatika naendelea kwa tochi ya simu. Nikafika pale Jonathan Harker na mkewe Mina wanapotembea Piccadilly, katikati ya London, mchana kweupe, siku yenyewe ya joto. Ghafla Jonathan anamkaza mkewe mkono. Amemwona Dracula amesimama barabarani, anamkodolea macho msichana mrembo mwenye kofia pana aliyekaa kwenye gari la farasi. Haungui. Hata moshi hautoki. Nikarudi nyuma kurasa mbili nikidhani kuna mahali nimeruka.

Sikuwa nimeruka. Ndipo nikaanza kusoma vitabu vilivyomtangulia Stoker, kisha kutazama upya filamu moja moja. Nilichokiona ndicho ninachotaka tukijadili: vampaya wa vitabu vile anatisha kwa sababu anaingia kwa mlango. Anabisha hodi, na ndani kuna mtu wa kumwambia karibu.

Sisi watu wa hodi tunaweza kukielewa kisa hiki kuliko wengi. Mtoto wa pwani anafundishwa mapema: bisha hodi mara tatu, usipoitikiwa geuka urudi. Mlango wa mtu una heshima yake. Na mgeni akishakaribishwa, nyumba nzima inamgeukia yeye: maji ya kuoga, chakula, kitanda kizuri. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa fikiria mgeni ambaye tangu aingie, mwenyeji anazidi kunyauka.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize palepale.

#2 Mtaa wa Nane

Naweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu anza na asili yake. Hawa viumbe ni wa kubuni tu au kuna mahali watu waliwaamini?

#3 Mwana wa Pangani

Waliwaamini, na kuna karatasi za serikali zinazoonyesha hivyo. Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo nchini Serbia, wakati ule chini ya utawala wa Austria, alikufa mkulima anayeitwa Petar Blagojević. Baada ya yeye kuzikwa, watu tisa wakafa ndani ya siku nane, na wengine kabla ya kukata roho walisema Petar ndiye aliyekuja usiku kuwakaba. Ofisa wa Austria akalazimika kusimama makaburini wakati wanakijiji wanamfukua. Walimkuta na damu mdomoni, wakamchoma kigingi cha moyo na kumteketeza. Ofisa akaandika taarifa, na ikachapishwa gazetini Vienna.

Kuna kitu kimoja ndani ya taarifa ile ambacho hakinitoki. Mke wa Petar alisema mumewe alimjia usiku akimwomba viatu vyake. Viatu tu. Mama yule akahama kijiji.

Miaka michache baadaye, 1732, daktari wa jeshi Johann Flückinger akatia saini taarifa nyingine kutoka kijiji cha Medveđa, na Ulaya nzima ikaanza kubishana juu ya neno hili vampaya. Wataalamu wa leo wanaeleza vizuri walichokiona: maiti huvimba kwa gesi, ngozi hubadilika rangi, majimaji mekundu husukumwa kutoka mdomoni. Mwaka 1755 malkia Maria Theresa alimtuma daktari wake, Gerard van Swieten, aichunguze habari hii, na baada ya hapo akapiga marufuku kufukua makaburi kwa ajili ya imani hiyo.

Lakini tazameni huyu vampaya wa kijijini alivyo. Ni mkulima, amevimba, uso mwekundu, na nyumba anayoirudia ni yake mwenyewe. Anamfuata mkewe, nduguze, majirani. Ni mtu wa nyumbani ambaye hataki kuondoka. Wa vitabuni ni mwingine kabisa: anatoka mbali, ana cheo, ana adabu za mezani. Mabadiliko hayo tunaweza kuyataja mahali na mwaka.

#4 Mwana wa Pangani

Aprili 1815 mlima Tambora, kwenye kisiwa cha Sumbawa katika Indonesia ya leo, ulilipuka. Majivu yake yalikwenda juu kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi. Juni 1816, kando ya ziwa Geneva, mvua hainyamazi, vijana wa Kiingereza wamekwama ndani ya jumba liitwalo Villa Diodati: mshairi Byron, mshairi Percy Shelley, Mary ambaye baadaye aliolewa na Shelley, dada yake wa kambo Claire, na daktari binafsi wa Byron, John Polidori, kijana wa miaka 20. Walikuwa wakisomeana hadithi za mizimu, Byron akasema kila mmoja aandike ya kwake. Mary akaanza Frankenstein. Byron akaanza kipande kidogo akakitupa. Polidori akakiokota kipande kile na kukigeuza kuwa hadithi yake.

Hadithi hiyo, The Vampyre, ilitoka kwenye jarida la London Aprili 1819. Ikachapishwa kwa jina la Byron! Kijana wa watu alihangaika kudai kazi yake, na miaka miwili baadaye akafa, hajatimiza 26. Nikiisoma naona uchungu wa mtu aliyeishi kwa bwana mkubwa, amekula naye meza moja, amesafiri naye, na kila siku anatoka akiwa amepungua.

Maana vampaya wake, Lord Ruthven, ni bwana mkubwa hasa. Anaalikwa kila karamu London. Kijana Aubrey anafunga naye safari hadi Ugiriki, na huko Ruthven, akiwa kama anakata roho, anamwapisha Aubrey asiseme lolote juu yake kwa mwaka mmoja na siku moja. Aubrey anaapa. Anarudi London, na kwenye ukumbi wa karamu anamwona marehemu amesimama. Mbaya zaidi, anamchumbia dada yake Aubrey. Aubrey amebanwa na kiapo, anaugua, anaonekana kichaa. Kiapo kinaisha usiku wa harusi, na wakati huo wamekwisha chelewa.

Mlango uliofunguliwa hapa ni ulimi wa mtu mwaminifu. Hakuna aliyevunja kufuli.

#5 Nyota ya Kilifi

Ndugu, hapa umenigusa. Lakini sisi pwani si tuna mumiani? Nyanya yangu alikuwa akituita ndani magharibi kwa jina hilo. Kwa nini tuwafuate Wazungu na vampaya wao wakati wa kwetu yupo?

#6 Mwana wa Pangani

Swali zuri, na nimelitegemea. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, na kwamba watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kutoka kwenye dawa neno likahamia kwa wale waliosemekana kuitafuta hiyo damu. Nairobi na Kampala za enzi za ukoloni waliitwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na anazichukua kwa uzito kama namna ambavyo watu walieleza utawala wa kikoloni, magari yake, hospitali zake na kazi zake.

Lakini angalia tofauti. Mumiani ni mtu hai. Ana gari, ana sare, analipwa mshahara, damu anaipeleka kwa mkubwa wake. Naye habishi hodi. Anakuvizia njiani usiku anakukamata. Vampaya wa vitabu vya Kigothi, yaani hadithi za kutisha za kale za Ulaya, anakaa sebuleni kwako, unamjua jina, na watoto wamemzoea. Kwa hiyo hofu ni mbili tofauti: ya kwetu ilikuwa ya kuchukuliwa nje, ya kwao ni ya uliyemkaribisha ndani. Sioni sababu ya kuchagua moja.

#7 Mtaa wa Nane

Na neno unyonyaji lilikuja vipi kwenye siasa? Sisi tuliosoma shule miaka ile tuliimba kukata mirija.

#8 Mwana wa Pangani

Picha ile ina ukoo mrefu mkuu. Karl Marx, kwenye Das Kapital ya 1867, anaufananisha mtaji na vampaya anayeishi kwa kufyonza kazi ya walio hai. Miaka mia baadaye Azimio la Arusha linazungumzia unyonyaji, na vikatuni vya mirija vikawa kila mahali. Kiswahili kililipata neno lake kutoka kwa kupe na mtoto wa ng'ombe, hakikuhitaji jeneza. Lakini hoja hii inataka uzi wake, turudi vitabuni.

#9 Mwana wa Pangani

Sasa nafika kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote hivi. Carmilla, cha Sheridan Le Fanu wa Dublin, kilianza kutoka kwa mafungu jaridani mwishoni mwa 1871 na kikaingia kwenye mkusanyo wake wa 1872. Kimemtangulia Dracula kwa miaka 25.

Msimuliaji ni Laura. Anaishi na baba yake kwenye kasri la upweke Styria, upande wa Austria, na kila siku anatamani mwenzake wa kuzungumza naye. Jioni moja ya mbalamwezi wako nje wanapunga upepo. Gari la farasi linakuja kwa kasi, farasi wanashtuka, gari linapinduka. Anatolewa msichana aliyezimia. Mama mmoja wa heshima anasema yuko kwenye safari ya kufa na kupona, hawezi kusimama, miezi mitatu atarudi. Laura ndiye anayemvuta baba yake na kumsihi: mwambie atuachie, akae na sisi. Baba anakubali kwa moyo mweupe.

Tazameni jinsi mtego ulivyotegwa. Hakuna mtu mwema ambaye angekataa. Ungemwacha msichana aliyezimia njiani usiku? Le Fanu amechukua wema wenyewe akaufanya kuwa tundu.

Kisha mambo yanakwenda polepole. Carmilla hatoki chumbani mpaka saa saba mchana imepita. Anakunywa kikombe cha chokoleti, chakula hagusi. Usiku anafunga mlango wake kwa ndani. Mazishi yakipita, wimbo wa wafiwa unamtia hasira mpaka anatetemeka. Wasichana wa vijijini wanaanza kufa mmoja mmoja. Laura anadhoofika, lakini anasimulia kudhoofika kwake kama mtu anayesimulia usingizi mtamu, na mapenzi kati yake na Carmilla yameandikwa waziwazi kiasi kwamba msomaji wa leo anashangaa yalipitaje mwaka 1872. Picha ya zamani ya 1698 inasafishwa, na aliyechorwa ni Carmilla mwenyewe, mpaka kidoti cha shingoni. Jina lililoandikwa ni Mircalla, wa ukoo wa Karnstein. Laura anasema kwa utulivu tu kwamba ukoo huo ni wa mama yake.

Kumbukeni mke wa Petar na viatu. Mgeni kutoka mbali amegeuka kuwa ndugu wa damu.

#10 Bi Mkubwa wa Kisarawe

Mimi ni mtu wa filamu, nimeiona Dracula ya 1992 zaidi ya mara kumi. Kwangu hii ni hadithi ya mapenzi. Mtu amempoteza mkewe, anamtafuta karne nne, anamkuta London. Naona mleta uzi unamhukumu sana Dracula.

#11 Mwana wa Pangani

Dada, filamu ile naipenda mno, na nitaieleza. Lakini mke aliyekufa na kuzaliwa upya hayumo ndani ya kitabu hata mstari mmoja. Kitabuni kuna usiku ambao Dracula anamkamata Mina nyuma ya shingo na kumlazimisha kunywa damu kutoka kifuani mwake, mumewe amelala palepale kama mfu. Stoker anaufananisha na mtoto anayekisukumia kipaka pua ndani ya kisahani cha maziwa. Baada ya kusoma sentensi ile, mimi mapenzi siyaoni.

Stoker alizaliwa 1847 Clontarf, karibu na Dublin. Hadi umri wa miaka saba hivi alikuwa mgonjwa wa kitandani, na mama yake alimsimulia kipindupindu kilichoipiga Sligo mwaka 1832. Baadaye alikuwa meneja wa jumba la maigizo la Lyceum, London, miaka 27. Kiangazi cha 1890 alikuwa mapumzikoni Whitby, mji wa bandari, na humo kwenye maktaba akalikuta jina Dracula ndani ya kitabu cha habari za Wallachia, nchi ya zamani iliyo ndani ya Romania ya leo. Kabla ya hapo, kwenye karatasi zake ambazo bado zipo Philadelphia, alikuwa anamwita Count Wampyr, na makazi yake yalikuwa Styria kama ya Carmilla. Transylvania, iliko ngome ya Dracula kitabuni, hakukanyaga. Kitabu kilitoka Mei 1897, jalada la njano.

Wengi hawajui kwamba hakina msimulizi mmoja. Ni shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti, sauti ya daktari iliyorekodiwa kwenye fonografu, na Mina anayevipiga vyote taipureta usiku kucha. Yaani watu wa kisasa kabisa wa wakati ule, wana kila chombo, na bado wamechelewa. Lucy, rafiki wa Mina anayenyonywa na Dracula, anaongezewa damu ya wanaume wanne mfululizo. Makundi ya damu yaligunduliwa na Landsteiner mwaka 1901, kwa hiyo Stoker hakujua kwamba tiba ile peke yake ingeweza kumuua.

Na sasa hodi. Jonathan anapofika ngomeni kwa Dracula, mwenyeji anafungua lango, anamwambia aingie kwa hiari yake. Lakini yeye mwenyewe hasogei. Amesimama kama sanamu. Mpaka mguu wa Jonathan uvuke kizingiti, ndipo anaruka mbele na kumshika mkono, na mkono wake ni barafu. Anambebea mizigo mwenyewe. Mezani kuna kuku wa kuokwa, jibini, saladi na chupa ya mvinyo, na mwenyeji anasema yeye amekwisha kula. Nilipofika hapo nilijua. Kwetu mwenyeji asiyeweka mkono wake kwenye sinia pamoja na mgeni anaulizwa kulikoni. Siku nyingine Jonathan anachungulia mwanya wa mlango, anamwona bwana wa ngome anaandaa meza ya chakula. Ngome nzima haina mtumishi hata mmoja.

Upande wa Uingereza milango inafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Profesa Van Helsing, daktari anayemtibu, anajaza chumba cha Lucy maua ya kitunguu saumu na kufunga dirisha. Usiku mama yake Lucy anaingia, anaona hewa nzito, harufu kali, mtoto wangu atakosa usingizi. Anayatoa maua yote, anafungua dirisha kidogo. Asubuhi anawaambia kwa furaha alichofanya. Van Helsing anaketi na kulia. Mimi mwenyewe nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo, kwa sababu yule mama ni kila mama.

Halafu Renfield, mgonjwa wa akili anayekula nzi na buibui. Anawapigia magoti waungwana wote, anawasihi wamtoe pale usiku uleule. Hawamsikii, kwa kuwa ni kichaa. Wanamwacha Mina alale kwenye jengo hilohilo wakidhani ndipo penye usalama, na Renfield ndiye anayemkaribisha Dracula ndani. Mtu ambaye hakuna aliyemsikiliza ndiye aliyekuwa na ufunguo.

#12 Chonge

Mkuu mbona kwenye filamu yote haya hayapo? Jua lilitoka wapi basi?

#13 Mwana wa Pangani

Jua lilitoka Ujerumani. Mwaka 1922 kampuni ndogo ya Prana ilitengeneza Nosferatu, mwongozaji F. W. Murnau, bila kuomba ruhusa kwa familia ya Stoker. Walibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa kubuni Wisborg. Ndani yake kuna mwisho ambao kitabuni haupo: mwanamke, Ellen, anamzuia Orlok kwake mpaka jogoo awike, na mwanga wa asubuhi unamfanya ayeyuke. Kitabuni Dracula anakufa machweo, kwa kisu cha Jonathan shingoni na kisu cha Quincey Morris, mmoja wa wanaomwinda, moyoni. Karibu kila vampaya aliyeungua kwenye televisheni yako, Chonge, ni mjukuu wa Orlok.

Kuna jambo la kifundi hapo. Kamera za wakati ule hazikuweza kupiga gizani, kwa hiyo picha za usiku zilipigwa mchana na filamu ikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji aelewe ni usiku. Ukipata nakala isiyo na rangi hizo, utamwona Orlok anatembea na jeneza lake juani na utadhani wamejisahau. Tafuta nakala yenye rangi.

Mjane wa Stoker, Florence, alishtaki. Mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilikuwa zimekwisha sambaa, na ndizo tunazotazama leo. Namwonea huruma mama yule, kitabu ndicho kilikuwa pato lake, naye alikuwa na haki. Na bado nashukuru kwamba amri haikutimia. Kivuli cha Orlok kikipanda ngazi, vidole virefu vikitangulia kuelekea mlango wa Ellen, hakuna maneno ya kitabu yanayokifikia. Kabla ya hapo Ellen mwenyewe amefungua dirisha, akijua. Murnau alibadilisha mambo mengi, lakini hodi aliibakiza.

Joho nalo lilitoka jukwaani. Mwaka 1924 Hamilton Deane aliigeuza Dracula kuwa mchezo wa kuigiza. Bajeti ya mchezo haina milima wala mbwa mwitu, una sebule. Ndipo Dracula akavikwa suti ya jioni na kuletwa kuzungumza na watu, wakati kitabuni akishafika Uingereza haonekani isipokuwa kwa nukta. Ile kola ndefu iliyosimama nyuma ya shingo ilikuwa na kazi: mwigizaji akiwapa watazamaji mgongo, kola inaficha kichwa chake akishuka kwenye shimo la jukwaani, na joho linabaki tupu. Bela Lugosi aliichukua nafasi hiyo New York mwaka 1927, kisha kwenye filamu ya Universal ya 1931. Itazame tena: hutaona chonge hata mara moja. Kila kitu ni macho na sauti. Usiku, kwenye mapambo yaleyale, kundi jingine la waigizaji lilikuwa linapiga filamu hiyohiyo kwa Kihispania, na wapo wanaosema kamera ya usiku ilifanya kazi nzuri kuliko ya mchana. Nami ni mmoja wao.

Mwaka 1958 kampuni ya filamu ya Hammer ya Uingereza ikaleta rangi, damu nyekundu, na Christopher Lee. Humo wanamtafuta Dracula mji mzima kumbe jeneza lake limo ndani ya stoo ya chini ya nyumba wanayoilinda. Hiyo kitabuni haipo, na ni nyongeza ninayoiheshimu kuliko zote.

Sasa ya 1992, dada. Mwongozaji Coppola alikataa kutumia kompyuta kwa maajabu yake. Alitumia vioo, vivuli, picha mbili kupigwa juu ya filamu moja, mbinu za enzi za Stoker mwenyewe. Kivuli cha Gary Oldman, aliyeigiza Dracula, kinachosogea bila yeye ni kazi ya mikono. Mavazi ya Eiko Ishioka yalipata Oscar, na yalistahili. Lakini alipompa Dracula mke wa kulilia, mlango ukapotea. Mtu anayerudi kwa mkewe habishi hodi. Ndiyo sababu filamu ile inanifurahisha macho na hainitii hofu.

#14 Bi Mkubwa wa Kisarawe

Nimekuelewa, japo kilio cha Oldman bado nakitetea. Na watu weusi je? Niliwahi kusikia kuna vampaya Mwafrika.

#15 Mwana wa Pangani

Yupo. Blacula, 1972, mwongozaji William Crain. Jina la filamu lilinifanya niidharau kwa miaka, na nilikosea. Mwaka 1780 mwanamfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, anafika na mkewe Luva kwenye ngome ya Dracula kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa. Wameketi mezani kama wageni rasmi. Mwenyeji anacheka, anamtukana mkewe, kisha anamng'ata mgeni wake, anamfungia jenezani na kumpa hilo jina la dhihaka. Luva anaachwa kwenye chumba hichohicho afe akimsikiliza mumewe. William Marshall, mwigizaji mwenye sauti nzito ya jukwaani, alipigania mhusika wake awe na utu na asili, na inaonekana. Baadaye kuna damu na vurugu za kawaida, lakini dakika zile za mwanzo zimeligeuza kisa chote: Mwafrika alibisha hodi Ulaya kwa heshima, na akanyonywa na mwenyeji.

Ambao hamjaiona Sinners ya Ryan Coogler, 2025, rukeni hapa. Mississippi, 1932, ukumbi wa muziki wa watu weusi ndani ya kiwanda cha zamani cha mbao. Vampaya wamesimama mlangoni na ala zao, wanaimba vizuri, wanaomba tu waingizwe, wana pesa ya kulipa. Sehemu kubwa ya hofu ya filamu iko kwenye kizingiti kile. Na anayewaita ndani mwishowe ni mama ambaye mtoto wake ametishiwa. Nilimkumbuka mama yake Lucy.

Ongezeni ya Sweden ya 2008, Let the Right One In. Mtoto Oskar anamtania Eli aingie bila kukaribishwa, aone itakuwaje. Eli anaingia. Anasimama pale, na damu inaanza kumtoka kichwani, machoni, mgongoni, mpaka Oskar anapiga kelele kwamba karibu, ingia. Zaidi ya karne moja watu wameitumia sheria ile kwamba vampaya haingii bila kukaribishwa, na yule ndiye wa kwanza kunionyesha gharama yake upande wa pili wa mlango.

#16 Nyota ya Kilifi

Mleta uzi, jana nimeisoma Carmilla yote, ni fupi kweli. Nina swali. Gari linapopinduka, mwalimu wa Laura anasema ndani ya gari alimwona mwanamke mwingine ambaye hakushuka. Mweusi, ana kilemba cha rangi, anawatazama na kutikisa kichwa kama anayewacheka, meno yameumana kwa hasira. Nimesubiri arudi mpaka ukurasa wa mwisho. Hajarudi. Ni nani?

#17 Mwana wa Pangani

Ndugu yangu, umemwona. Wasomaji wengi wanampita.

Le Fanu hamtaji tena. Yule mama mtukufu pia harudi, miezi mitatu inapita na hakuna anayejua alikuwa nani. Carmilla anafukuliwa, anachomwa kigingi, anakatwa kichwa, majivu yake yanamwagwa mtoni, na Laura anaandika kwamba hadi leo, akiwa amekaa peke yake, hudhani amesikia hatua zake nyepesi mlangoni mwa sebule. Lakini lile gari liliondoka salama.

Mwandishi alimchora mwanamke yule kwa dharau ya wakati wake, rangi na kilemba vitoshe kutisha, na hilo nalisema wazi kwamba ni baya. Ila nikisoma tena, naona mtu pekee kwenye barabara ile ambaye hakudanganya. Mama alisema uongo, Carmilla alizimia uongo. Yeye alikasirika mbele yao waziwazi. Alikuwa anawacheka wenyeji? Alikuwa mtumwa wa watu wale? Alikuwa anajaribu kuwaonya? Alitolewa wapi mpaka akafika Styria?

Nimesoma ukurasa ule mara nne. Kama kuna mwandishi humu anatafuta mahali pa kuanzia riwaya yake ya Kiswahili, mwanamke huyo bado amekaa ndani ya gari.